Uchafu Nao Upewe Maksi

Hoja yangu ni fupi na nitaitoa mwanzoni, ili mwenye kipindi saa nne asome aya hii kisha aende zake. Miradi yetu ya mwaka wa mwisho upande wa uhandisi inapimwa siku moja, kwa dakika ishirini, kifaa kikiwa kimefutwa vumbi, mafuta yakiwa mapya kutoka kituoni, na waliokibuni wakiwa wamesimama pembeni na bisibisi mfukoni. Kikiwaka, makofi. Hakuna anayeuliza kitakuwaje siku ya kumi. Mimi nasema siku ya kumi ndiyo mtihani wenyewe, na mpaka tuanze kuitolea maksi tutaendelea kuhitimu tukiwa hodari wa kuwasha vitu visivyodumu.

Nitaitetea hoja hii kwa kifaa kimoja tu, ambacho mara nyingi ni kidogo kuliko kidole gumba: nozeli ya kichomeo cha mafuta. Wa sheria na wa elimu msiondoke. Kama nyumbani kwenu mliwahi kupikia jiko la pampu la mafuta ya taa, au umekulia kando ya ziwa ukaona karabai zinavyong'aa usiku wavuvi wakiwa kwenye dagaa, nozeli unaijua tayari, hata kama hujawahi kuiita kwa jina.

Tuanze na kazi yake. Mafuta yakiwa kimiminika hayawaki. Kinachowaka ni mvuke unaotoka juu ya uso wake ukikutana na hewa. Kwa hiyo anayetaka moto mkali anatafuta uso mkubwa. Chukua tone moja lenye kipenyo cha milimita 1, ulipasue liwe matone ya milimita 0.1. Unapata matone 1,000. Mafuta ni yaleyale, lakini uso umeongezeka mara 10. Tena, tone likipunguzwa kipenyo kwa nusu, muda wake wa kuungua unashuka hadi kama robo. Siri ya kichomeo iko hapo: pasua mafuta yawe ukungu, ukungu upate hewa ya kutosha, na moto unasimama imara bila moshi mweusi.

Njia rahisi ya kupasua mafuta ni kuyasukuma kwa nguvu yapite kwenye tundu dogo sana. Na shida inaanzia kwenye neno hilo, "dogo". Tuseme tundu lina kipenyo cha milimita 0.3. Masizi yakiganda kuzunguka ukingo wake kwa unene wa milimita 0.015 tu, wembamba ambao unywele wa kichwani kwako unaushinda mara kadhaa, kipenyo kinabaki milimita 0.27. Umepoteza asilimia 10 ya kipenyo, lakini eneo la tundu linakwenda na mraba wa kipenyo, kwa hiyo umepoteza asilimia 19 ya njia ya mafuta. Karibu moja ya tano, kwa kitu ambacho jicho halikioni! Na masizi hayagandi kwa usawa. Yakikaa upande mmoja, ukungu unapinda, unapiga ukuta wa tanuru badala ya kuwaka hewani, ukuta unajaa masizi, na hali inazidi kuwa mbaya.

Uchafu wenyewe unatoka wapi? Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ile ambayo kila mtu anaifikiria: kutu ya tangi, mchanga, maji, nyuzi za tambara lililofutia ndoo. Ukitumia oili chafu ya injini, ongeza chembe za chuma kilichosagika ndani ya injini, na mabaki ya dawa zinazochanganywa kwenye oili, kama zinki na kalsiamu, ambayo hayaungui yakaisha bali yanabaki majivu.

Njia ya pili wengi hawaifikirii. Ukizima kichomeo, tanuru bado lina joto kali. Mafuta machache yaliyobaki ndani ya nozeli yanakaangwa na joto hilo pasipo hewa, yanavunjika, na yanachoacha ni kaboni ngumu. Mpishi wa wali anaijua habari hii kuliko sisi: ni ukoko. Wali hauungui maji yakiwa yamejaa sufuria. Unaungua maji yakishakauka na moto bado upo chini. Nozeli nayo, mafuta yakiwa yanapita, yanaipoza. Yakikatika, inaachwa peke yake mbele ya matofali mekundu. Sasa ukumbuke mtihani wetu wa dakika ishirini, unaowasha kifaa mara moja na kukizima mara moja, halafu watu wanakwenda kupiga picha. Ukoko unaanza kuganda palepale wanapopiga picha.

Waliotutangulia katika kazi hii hawakulikwepa jambo hilo. Mwaka 1892, kule Stockholm, Frans Wilhelm Lindqvist alitengeneza jiko la pampu la mafuta ya taa lisilo na utambi, likaja kujulikana dunia nzima kwa jina la Primus. Lilikuwa jiko zuri, ila lilihitaji mwenzake: kipande cha bati chenye waya mwembamba mbele, cha kuzibulia tundu. Bila kile kipande cha bati, hakuna chai. Baadaye wabunifu wakaona, kama waya huo unatakiwa kila siku, kwa nini ukae ukutani? Wakauingiza ndani ya kifaa. Kwenye taa ya Petromax, na karabai nyingi zilizoiga umbo lake, sindano inakaa ndani, chini ya tundu. Ukizungusha kishikio, sindano inapanda, inapenya tundu, inasukuma kilichoziba, inarudi chini. Mvuvi yuko katikati ya ziwa, usiku, mikono imelowa. Hafungui kitu, hatafuti pini gizani. Siku hizi taa za sola zinachukua nafasi ya karabai, lakini sindano ile ilishafanya kazi yake kwa miaka mingi.

Wengine wakaenda mbali zaidi. Kampuni ya MSR ya Marekani inatengeneza majiko ya wapanda milima ambayo ndani yake kuna sindano yenye uzito. Ukilitikisa jiko, sindano inacheza juu na chini, tundu linazibuka. Injini nyingi za zamani za dizeli, zile ambazo mafuta yanaanza kuwakia kwenye chumba kidogo pembeni kabla moto haujafika kwenye silinda, zina nozeli ambayo sindano yake ina kincha kinachopita katikati ya tundu. Kila mafuta yanapopulizwa kincha kinasogea, na kule kusogea kwenyewe kunasaidia kukwangua ukoko. Hapo hakuna kifaa cha ziada cha kusafisha. Nozeli inajisafisha kwa sababu inafanya kazi.

Halafu kuna wazo ninalolipenda kuliko yote. Miaka ya 1960, mvumbuzi Mmarekani Robert Babington aligeuza mambo juu chini. Chukua tufe la chuma lililo wazi ndani, toboa tundu dogo ubavuni, peleka hewa yenye mgandamizo ndani ya tufe. Mafuta unayamwaga juu ya tufe, taratibu, yateleze kama maji juu ya embe. Yanatandaa yakawa utando mwembamba sana. Utando ukipita mbele ya tundu, hewa inayotoka ndani inaurarua kuwa ukungu laini. Mafuta ya ziada yanadondoka chini, yanarudi kwenye tangi, pamoja na uchafu wake. Tundu lipo, lakini mafuta hayapiti ndani yake. Inapita hewa tu. Wenzake walijiuliza tundu litazibuliwaje. Yeye alijiuliza kwa nini mafuta yapite kwenye tundu.

Sisemi Babington alimaliza kazi. Kichomeo chake kinataka kompresa, na pampu ya kurudisha mafuta juu. Umeme ukikatika, unasimama na tufe lako. Hiyo ndiyo tabia ya uchafu: hauishi, unahama. Hata chujio, ambalo sisi wanafunzi tunalichora kwenye kila mchoro tukidhani tumemaliza, ni mahali pa kuuhamishia uchafu. Ukiliweka mahali ambapo mkono haufiki, umehamisha tatizo kutoka kwenye nozeli na kulificha. Kwa hiyo mbunifu wa nozeli inayojisafisha ana swali moja kubwa la kujibu kabla ya hesabu zote: uchafu utakwenda wapi, na nani atautoa?

Swali hilo sikulipata darasani. Nililipata fildi.

Nilikuwa kwenye karakana moja Dar es Salaam, sitaitaja, wanayeyusha alumini chakavu na kumimina vipuri na masufuria. Kichomeo chao kilikuwa cha pampu na tundu dogo, cha kununua, kilichobuniwa kwa dizeli safi. Wao walikilisha oili chafu iliyochanganywa na dizeli, kwa sababu dizeli tupu ingekula faida yote. Bila shaka kiliziba. Kijana msaidizi alikuwa na kazi maalumu: moto ukianza kuyumba, anafunga koki, anachomoa bomba la kichomeo, anafuta, kisha anazibua tundu kwa uzi mmoja wa shaba aliouchomoa kwenye waya wa umeme. Nikamuuliza fundi mkuu kwa nini hatumii sindano ya kushonea, ambayo ni ngumu zaidi.

"Chuma kinakula tundu, mwanangu," akaniambia. "Likishakua, moto unakwenda pembeni na mafuta yanamwagika. Shaba inaumia yenyewe, tundu linabaki."

Sasa hiyo ni sayansi ya vifaa, tena safi kabisa, na aliyekuwa nayo hakuwa na cheti.

Siku moja moto ulikatika ghafla na mafuta yakaendelea kudondokea matofali ya moto. Tanuru likaanza kutoa moshi mweupe, mzito. Nilidhani ni moshi wa kawaida wa kuzimika. Fundi akapiga kelele: koki ifungwe, feni iachwe ivume, watu wote nje. Tukakaa nje muda mrefu, yeye akiangalia moshi tu. Alipoona umekwisha kabisa ndipo akarudi. Akanieleza kwamba ule mweupe ni mafuta yenyewe, mvuke unaosubiri cheche, na kwamba anayewasha tena kwa haraka analipukiwa usoni. Msaidizi aliyekuwapo kabla ya yule kijana aliondoka na kovu la kuungua kutoka kiwiko hadi shingo. Alikuwa na haraka, alumini ilikuwa inaanza kuganda ndani ya chungu.

Kwa hiyo tunapozungumzia ukoko wa sehemu ndogo ya milimita, tunazungumzia shingo ya mtu. Nilipomwambia fundi kwamba ninasomea uhandisi mitambo, alicheka kwa upole tu. "Ninyi mnatuletea vitu vinavyojua kuwaka," akasema. "Kinachojua kuzimika vizuri kikawaka tena kesho, hamjatuletea."

Nikarudi chuoni nikiwa na maneno hayo. Kwenye stoo ya karakana yetu kuna vichomeo viwili ninavyovifahamu, miradi ya waliotutangulia, vimefunikwa turubai. Kimoja kilipata A. Nimekisoma kwenye ripoti yake: hesabu za ukubwa wa matone, uwiano wa hewa na mafuta, mchoro wa kompyuta wenye rangi zote za moto. Kazi nzuri, sitaidharau, mimi mwenyewe nimeitumia kujifunzia. Lakini katika kurasa zote zile, neno "kuziba" halipo hata mara moja. Tundu lake sasa limejaa kitu kigumu cheusi. Lilizibika siku ileile ya maonyesho na hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyekuwa na sababu ya kukiwasha tena.

Waandishi wa ripoti ile siwalaumu. Waliandika walichoulizwa. Fomu ya tathmini ya idara yetu ina sehemu ya ripoti, sehemu ya uwasilishaji, na kwenye kifaa ina mstari mmoja: "Kinafanya kazi: Ndiyo / Hapana". Mtu mwenye akili anasoma kwa kufuata maksi zilipo. Sote tunafanya hivyo, ndiyo maana madesa ya maswali ya miaka iliyopita yanauzika kuliko vitabu. Ukitaka watu wafikirie ukoko, weka ukoko kwenye fomu.

Pendekezo langu ni kwamba ule mstari mmoja wa Ndiyo au Hapana ufutwe, na mahali pake ziwekwe namba tatu.

Namba ya kwanza: saa ngapi kilifanya kazi kabla ya kukwama. Kifaa kiendeshwe kwa saa 20, zikigawanywa siku tano, saa nne kila siku, kwa mafuta yaleyale yatakayotumika huko mtaani, pamoja na maji yake na mchanga wake. Siku tano ni muhimu kuliko saa 20 zenyewe, maana zinakupa kuzima mara tano na kuwasha mara tano, na tumeona ukoko unazaliwa wapi.

Namba ya pili: dakika ngapi mtu ambaye hakukibuni anatumia kukirudisha kazini kikikwama. Aitwe mwanafunzi wa kozi nyingine, au fundi kutoka mtaani, apewe karatasi moja ya maelekezo kwa Kiswahili, na wabunifu wakae kimya. Nina hakika vikundi vingi vitalia hapo. Kuna vifaa vyetu ambavyo kuvifungua tu kunataka watu wawili na spana ambayo haipo hata Gerezani.

Namba ya tatu: shilingi ngapi za vipuri na zana zilihitajika katika siku hizo tano.

Ukijua unapimwa kwa namba hizo, ubunifu unabadilika kabla hujashika penseli. Unaacha tundu la milimita 0.3 na kutafuta njia pana ya mafuta, milimita kadhaa, ukaiachia hewa ya feni kazi ya kurarua. Ukungu wako utakuwa na matone makubwa kidogo, kwa hiyo utahitaji chumba kirefu zaidi cha kuwakia. Hapo hesabu zako za tone na muda wa kuungua zinapata kazi ya kweli. Bomba la kutoa mafuta kwenye tangi unalipandisha vidole viwili juu ya kitako, ili kutu na maji vibaki chini, na kitakoni unaweka koki ya kumwagia takataka. Machujio unaweka mawili sambamba, kila moja na koki zake, moja likisafishwa lingine linapitisha. Unaweka vali ya umeme inayofunga mafuta yenyewe umeme ukikatika, ili feni ikisimama mafuta nayo yasimame. Na mafuta yakishafungwa, unaacha hewa ipite dakika chache kusukuma mabaki yote nje ya nozeli. Wenye boila kubwa za mafuta mazito wanafanya hivyohivyo, wanapuliza bomba kwa mvuke au hewa kabla ya kulichomoa. Mwisho unaifanya nozeli itoke kwa mkono mmoja, bila spana.

Hakuna jipya la kutisha kwenye orodha hiyo. Kila kitu kinapatikana mjini. Kinachokosekana ni sababu ya mwanafunzi kukifikiria.

Najua majibu nitakayopewa, maana nimeshapewa mengine bwenini.

La kwanza: muda na pesa. Bumu lenyewe linaisha katikati ya mwezi, nani atanunua mafuta ya saa 20? Tupige hesabu. Kichomeo kidogo cha tanuru kinachotumia lita 2 kwa saa kitakula lita 40. Hizo ni ndoo mbili za lita 20, kwa kikundi cha watu watano. Kwa oili chafu, gharama hiyo haifikii ile ya kuchapisha na kujalidi ripoti nakala tano zenye kurasa za rangi. Muda ni kweli ni mgumu zaidi. Itabidi kifaa kiwe tayari wiki mbili mapema, na mtaalamu wa karakana awepo, kwa sababu hakuna anayetaka moto wa wanafunzi usio na msimamizi. Lakini wiki mbili hizo zipo. Tunazitumia kupaka rangi.

La pili linasemwa kwa sauti ya chini: "Sisi ni wahandisi, siyo mafundi. Kuzibua matundu ni kazi ya fundi." Jibu langu ni kwamba kuzibua ni kazi ya fundi kwa sababu mhandisi hakuifanya kazi yake. Na anayedhani mambo ya ukoko ni mepesi, akae aandike mlinganyo wa kaboni inavyoganda kwenye ukuta wa tundu lenye joto linalobadilika kila dakika. Moto safi una kanuni nzuri za vitabuni. Moto mchafu unataka kanuni hizohizo na nyingine juu yake. Hoja yangu inaongeza nadharia, haipunguzi.

La tatu ni zito, na ninaliheshimu: kwa nini tuhangaike na vichomeo vya mafuta wakati dunia inaondoka huko? Oili chafu ina metali nzito, moshi wake si wa kuvuta, na serikali yenyewe ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Nakubali kabisa. Oili chafu haifai kwenye mkate wala karibu na chungu cha mtu, na siku karakana ile ikipata tanuru la umeme la bei wanayoiweza nitashangilia. Lakini uchafu hautaishia kwenye oili. Jiko la gesi nalo lina tundu, na maharage yakifurika linaziba. Paneli ya sola inakusanya vumbi, pampu ya kisima inameza mchanga, mtambo wa gesi ya samadi unajaa tope, mashine ya kusaga inajaa pumba. Kila kinachobuniwa kwenye vitivo vya nchi hii kitakwenda kuishi mahali penye vumbi, maji ya chumvi, umeme unaokatika na mtu mwenye haraka. Nozeli ni mfano tu, kwa sababu yenyewe inaziba upesi na haifichi.

La nne ni la GPA: saa 20 zitaangusha watu. Zitaangusha kama tutazisahihisha kijinga. Kikundi ambacho kichomeo chao kilikufa saa ya saba, wakakifungua, wakapima unene wa ukoko, wakaonyesha umeganda wapi na kwa nini, na wakasema tungejenga tena tungefanya hivi, kinastahili maksi kuliko kikundi kilichowaka dakika ishirini kikaenda kupiga picha. Kukwama kwa kifaa ni matokeo ya jaribio, na matokeo yanaandikwa. Tuwape watu nafasi ya kuyaandika bila kuogopa kudisko.

Ninachoomba kwa jumuiya yetu ni kitu kimoja kinachoweza kufanyika muhula huu. Wawakilishi wa wanafunzi wanaoingia kwenye vikao vya idara wapeleke fomu yenye namba tatu, ijaribiwe kwa vikundi vitakavyojitolea tu, kwa mwaka mmoja, bila kugusa maksi za wengine. Mwisho wa mwaka tulinganishe. Vikundi hivyo vikionekana vimejifunza pungufu, mimi nitanyamaza.

Na wale watakaojitolea kwenye vichomeo, ndoo ya kwanza ya oili chafu naileta mimi. Sitaichuja.